Kila Sigara na Kiti Chake: Mafunzo Niliyopata kwa Kuacha Kuvuta

Nimezaliwa Urambo, mkoani Tabora, kwenye nyumba iliyoezekwa bati kwa fedha za tumbaku. Karo, sare, baiskeli ya baba, hata mahari ya kaka zangu, vyote vilitoka kwenye jani hilo. Nikaja Dar es Salaam kusoma, nikaingia kazi ya magazeti, nikawa mhariri wa zamu ya usiku, na kwa miaka zaidi ya ishirini nikawa nalirudishia jani lile fedha zake, pakiti baada ya pakiti. Nimeacha siku nyingi sasa. Vijana wa chumba cha habari huniuliza niliwezaje, na naona kabisa wanasubiri hadithi ya mwanamume mwenye moyo wa chuma. Moyo huo sina. Nilichojifunza ni mambo ya viti, milango, saa na watu, na nayaandika hapa kadiri yanavyonijia.

1. Ramadhani ilinipa ushahidi

Mvutaji Mwislamu ana fumbo analobeba kila mwaka bila kulifumbua. Mwezi wa Shaabani hamalizi saa mbili bila kuwasha. Ukiandama wa Ramadhani, mtu yuleyule anakaa tangu alfajiri hadi magharibi, saa 13 na ushei kwa sisi tulio karibu na ikweta, bila pafu hata moja, maana moshi hufunguza. Anakwenda kazini, anasahihisha kurasa, anapanda daladala iliyojaa, anarudi nyumbani mzima.

Nikotini haikai sana mwilini. Kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo ikifika adhuhuri mfungaji ana kidogo mno. Kwa hesabu hiyo, saa nane mchana ningepaswa niwe nimeshagombana na nusu ya ofisi. Kichwa kiliuma, ndiyo, na maneno yangu yalikuwa mafupi kuliko kawaida. Lakini ile arosto ya kumfanya mtu aache simu inalia akakimbilie nje, sikuiona. Ilikuja magharibi. Adhana ikisikika, tende moja, maji bilauri moja, na kabla uji haujapoa niko kibarazani na kiberiti. Pafu la kwanza lilinizungusha kichwa kama mtoto anayejaribu kwa mara ya kwanza, kwa sababu ubongo uliokuwa umepumzishwa kutwa ulipokea nikotini yote kwa mkupuo. Moshi ukivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na hakuna sindano ya mshipani inayojivunia kasi kubwa kuliko hiyo.

Sasa tazama siku ya Idd. Nimekunywa chai asubuhi, haijapita hata saa moja, na mwili unadai sigara kana kwamba sijawahi kufunga maisha yangu. Damu ni ileile na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba wakati wa mfungo mji mzima ulikuwa umenisaidia: mgahawa wa ofisini umefungwa, hakuna anayewasha mbele yangu, kikombe cha chai hakipo mezani, na akili haiulizi kwa sababu inajua mlango haufunguliwi kabla ya jua kuzama. Asiyefunga atapata ushahidi huohuo kwenye basi la Tabora. Kutwa nzima yuko kitini, anasinzia, anatazama mapori ya Singida, na hamu inamshika dereva anaposimama kwa chakula.

Sisemi kwamba kufunga ni tiba. Wavutaji wengi hulipa usiku deni lote la mchana, na mimi nilikuwa mlipaji hodari kabla ya tarawehe. Lakini tangu nilipouona ushahidi ule, niliacha kujiuliza kama nina nguvu ya kuacha. Nikaanza kuuliza nani alikuwa akinipangia siku yangu.

2. Hakuna mtu anayeacha sigara. Mtu huacha sigara ya chai, kisha ya kituoni, kisha ya msibani

Jioni moja, nikisubiri ukurasa wa michezo, nilichukua karatasi ya prufu iliyokwisha kazi, nikaandika nyuma yake kila mahali ninapovutia. Sikuandika idadi, niliandika mahali na saa tu. Sigara ya chai ya asubuhi, kizingitini. Sigara ya kusubiri daladala. Sigara ya baada ya wali. Sigara ya simu ndefu. Sigara ya kahawa kijiweni. Sigara ya kufunga kurasa, ngazi za nyuma. Sigara ya kukasirishwa na mtu mwenye cheo. Sigara ya msibani. Kila moja ilikuwa na kiti chake, na kiti kikikaa wazi, kilikuwa kinaniita.

Dawa ya viti ni kuvihamisha. Chai ya asubuhi niliihamishia jikoni, ambako mama watoto alikuwa amekwisha kupiga marufuku moshi tangu tuoane, kwa hiyo ukuta wa jiko haukuwa na kumbukumbu yoyote ya sigara. Kituo changu cha daladala nikakiacha, nikawa natembea hadi kinachofuata. Baada ya wali, mswaki papo hapo, kabla ya kukaa. Hizo zilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Hamu yenyewe ni fupi: inapanda, inakaa dakika chache, inashuka, hata usipoipa chochote. Mtu akiwa na kazi mikononi kwa dakika hizo, inapita bila kuaga.

Ya kufunga kurasa ilikuwa na mizizi. Mwenye kazi hii anaijua nusu saa ile baada ya saa nne usiku: kurasa zimetoka mikononi mwako, mtambo haujaanza kuunguruma, na huna la kufanya ila kuogopa kosa ulilolipitisha. Hapo ndipo ngazi za nyuma zilipojaa wahariri na wapigapicha, na hapo ndipo nusu ya umbea wa nchi hii uliponifikia. Kuacha sigara ile kulimaanisha kuacha umbea, na nakiri umbea uliniuma zaidi. Nikaomba niwe mimi ninayeshuka na kurasa hadi kwa mafundi wa mitambo. Mikono imejaa, karatasi haziruhusu moto karibu, na mafundi wana umbea wao, tena bora.

Kahawa nayo ina siri ambayo sikuambiwa na mtu, nikaja kuisoma baadaye. Moshi wa sigara huharakisha kazi ya ini ya kuvunja kafeini. Mvutaji anakunywa vikombe vitano vya kahawa chungu pale Kariakoo, na kashata yake, na mwili unaisafisha upesi. Akiacha sigara, ini linarudi kwenye mwendo wa kawaida, na vikombe vilevile vitano vinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, moyo unapiga, usingizi hauji, na yeye anadhani ni arosto ya sigara. Anawasha ili atulie. Wangapi wamerudi kwenye moshi kwa kosa la kahawa? Nilipunguza vikombe kwa nusu, na wasiwasi wa usiku ukapungua ndani ya siku chache.

Sigara ya msibani ndiyo pekee isiyo na mazoezi. Huwezi kujiandaa nayo, maana haina tarehe. Alipofariki mjomba wangu nilikuwa nimeshaacha kwa miezi kadhaa, nikijiona nimehitimu. Usiku wa kwanza chini ya turubai, wanaume kwenye viti vya plastiki, birika la kahawa linazunguka, na pakiti inapita mkono kwa mkono kama sahani ya halua. Hapo sigara ni heshima. Kuikataa ni kama kujitenga na wenzako katika huzuni. Nikainuka. Nikaenda upande wa kuni na masufuria, nikapasua magogo ya pilau la kesho hadi viganja vikaota malengelenge. Shangazi mmoja alinisifu mbele ya watu kwa kumpenda marehemu. Nilimpenda kweli, lakini shoka lilikuwa na kazi nyingine.

3. Kupunguza ni starehe ya muuza duka

Kabla ya kuacha nilipitia njia ya kila mtu: kupunguza. Niliacha pakiti, nikawa nanunua moja moja dukani kwa Mangi, pale ambapo kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi dirishani ili mteja awashe palepale. Nilijihisi mtu wa kiasi. Kila sigara ikawa tamu zaidi, nikawa naivuta hadi kichungi kinaunguza vidole, na siku nzima nikawa nahesabu saa hadi ifuatayo. Mtu anayevuta chache huvuta kwa kina zaidi na kushikilia moshi kwa muda mrefu. Mwili unajua kutafuta kipimo chake.

Halafu kuna moyo. Mwaka 2018 jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 141 zilizofuatilia watu kwa miaka. Anayevuta sigara moja tu kwa siku alionekana kubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi anayobeba mvutaji wa sigara 20. Wengi wetu tungekisia sehemu moja ya ishirini. Saratani ya mapafu hufuata zaidi wingi na miaka, lakini mishipa ya damu na chembe zinazogandisha damu hushtushwa na moshi kidogo tu. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi navuta mbili tu, ya mchana na ya usiku" ameokoa fedha, na mapafu kwa kiasi, lakini moyo bado hajautoa matatani.

Zile zilizokuwa zikiuzwa kwa jina la sigara nyepesi nazo zina hadithi yake. Kichungi chake kina matundu madogo yanayoingiza hewa, na mashine ya maabara ikiivuta inapima lami kidogo. Mashine haina vidole wala midomo. Binadamu huziba matundu yale bila kujua, kisha anavuta kwa nguvu.

Kenya, katika Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, ilikataza kuuza sigara kwa pakiti yenye chini ya sigara kumi, na sababu ni wanafunzi: mtoto hana fedha ya pakiti, ana sarafu. Sheria nzuri. Vibanda vina maoni yake.

4. Mwambie Mangi kabla hujamwambia mkeo

Mama watoto alikuwa ameshasikia ahadi zangu nyingi kiasi kwamba alizipokea kama taarifa ya hali ya hewa. Safari hii sikumwambia. Nilikwenda kwa Mangi, nikamwambia, "Kuanzia kesho usiniuzie sigara, hata nikija na hasira." Akacheka. "Mzee, unanifungia duka?" Nikamwambia nitakuwa nanunua maji na karanga kwake. Alifikiri kidogo, akasema sawa. Nilirudi siku ya tatu, na siku ya pili na ya tatu ndizo kali kuliko zote kwa mwenye kuacha, nikiwa na sababu ndefu na fedha kamili. Alinipa karanga. Nilimtukana moyoni hadi nilipofika nyumbani.

Baada ya juma moja mke wangu mwenyewe akauliza mbona mashati yananuka sabuni.

Mtu anayeacha peke yake kimya kimya anaweza kurudi peke yake kimya kimya, wala hakuna atakayejua. Ndiyo maana napendelea mashahidi wasio na huruma: muuza duka, bodaboda wa kona, mwenzako wa ngazini. Kuhusu wa nyumbani, wao wana haki nyingine kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni moja hufa kila mwaka kwa kuvuta moshi wa wengine, mbali na mamilioni wanaovuta wenyewe. Katika nyumba zetu za vyumba viwili, baba anayevutia dirishani huona ametenda ustaarabu, na moshi unarudi na upepo, unakaa kwenye mapazia, kwenye godoro, kwenye nywele za watoto. Mtoto mwenye pumu haoni tofauti ya dirishani na kitandani.

5. Shisha si mlango wa kutokea

Fupi. Nimewaona walioacha sigara wakahamia shisha kwa imani kwamba maji husafisha moshi. Maji hupoza moshi tu, na kwa kuwa umepoa, mtu anavuta kwa kina, saa nzima, huku makaa yakimwongezea kaboni monoksidi. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya mwishoni mwa 2017. Ugoro na tambuu yenye tumbaku havina moshi, lakini vina nikotini ileile, na vinywa vyake huishia kwa madaktari walewale wa saratani.

6. Dawa zipo, na kuzitumia si udhaifu

Kati ya watu 100 wanaoacha kwa kujikaza tu, bila dawa wala mshauri, ni kama 3 hadi 5 ambao miezi sita au mwaka baadaye bado hawavuti. Takwimu hiyo ingepaswa kubandikwa kwenye kila kijiwe, kwa sababu tumezoea kuwacheka wale 95. Kama mtihani unafelisha watu 95, mwalimu mwenye akili anautazama mtihani upya.

Plasta na gamu za nikotini ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, pamoja na zile za malaria na kisukari. Vidonge vya varenicline na bupropion vikafuata mwaka 2021. Kuna pia cytisine, inayotokana na mti wa Ulaya wenye maua ya njano, ambayo Bulgaria imekuwa ikiuza kama dawa ya kuacha sigara tangu 1964. Tatizo letu ni kuzipata. Nilizunguka maduka ya dawa ya mjini kutafuta gamu. Mhudumu mmoja alinionyesha pipi za mnanaa, mwingine akanipa dawa ya kikohozi kwa nia njema kabisa. Hatimaye nikaletewa na ndugu aliyesafiri.

Gamu yenyewe haitafunwi kama ubani. Unatafuna polepole mpaka ulimi uanze kuwasha, unaiegesha kati ya shavu na fizi, unangoja muwasho upungue, unatafuna tena. Nikotini inaingia kupitia ngozi ya mdomo, taratibu, bila lami na bila kaboni monoksidi. Ukiimeza haraka na mate, tumbo litakukasirikia na utasema dawa haifai. Wenye ugonjwa wa moyo, wajawazito na wanaotumia dawa nyingine wamuulize daktari kwanza, hasa kuhusu vidonge.

Wazee wangu wa Tabora walinishauri tangawizi, rafiki wa Pemba akaniletea karafuu. Sidhani zina nguvu juu ya nikotini, lakini mdomo uliozoea kazi unahitaji kazi, na karafuu moja chini ya ulimi ni kazi ya robo saa. Nilitembea na karafuu mfukoni hadi mashati yote yakanuka biriani.

7. Mwili una ratiba yake, na mwanzoni haipendezi

Vipeperushi vya afya hutoa ratiba nzuri. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kushuka. Ndani ya siku moja kaboni monoksidi kwenye damu inarudi kiwango cha kawaida. Baada ya mwaka, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inakuwa nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ni karibu nusu. Yote ni kweli.

Ambacho vipeperushi hukitaja kwa herufi ndogo ni kwamba wiki za kwanza mtu anaweza kujisikia mgonjwa kuliko alipokuwa anavuta. Nilikohoa mno. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia uchafu kwenda juu. Moshi huvilaza, na ukiacha vinaamka na kuanza kufagia taka za miaka. Makohozi yale ni kazi inayofanyika, ingawa mwenzako wa ofisini atakuambia, "Unaona? Ulipokuwa unavuta hukuwa hivi." Choo kiligoma. Ndoto zikawa na rangi kali, nyingi nikiwa navuta. Nikanenepa, na hilo huwapata wengi, kilo 4 au 5 kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu nikotini hukata hamu ya chakula na kwa sababu ugali, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, una ladha. Suruali nilipeleka kwa fundi zikaongezwe kiunoni.

Wanaosema "nimeshachelewa" nawaelekeza kwa Richard Doll. Huyu ni daktari wa Uingereza ambaye mwaka 1950, pamoja na Austin Bradford Hill, alichapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Alikuwa akivuta mwenyewe. Utafiti haujamalizika, akaacha. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza, 34,439, na wakaendelea nao kwa miaka 50. Matokeo ya mwisho yalitoka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa wastani wa miaka 10 mapema. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 30 waliepuka karibu hasara yote. Walioacha wakiwa na 40 waliokoa kama miaka 9, wenye 50 miaka 6, na hata wenye 60 walijipatia miaka 3 hivi. Doll mwenyewe alifariki 2005 akiwa na miaka 92.

Miaka 3 ni mingi. Mjomba wangu, yule wa turubai, angeitumia kumaliza kisima chake.

Jambo moja nimelishuhudia kwa wengine mara nyingi kiasi cha kuliandika: sigara moja ya harusini haimrudishi mtu kwenye uvutaji, kinachomrudisha ni ile pakiti anayonunua kesho yake kwa kusema "basi, nimeshaharibu." Mpigapicha wetu mmoja alipoteza miaka mitano kwa sentensi hiyo.

8. Tumbaku ina mwanzo, na mwanzo wake ni shambani

Nilipata nikotini kabla sijajua sigara ina upande upi. Msimu wa kuchuma, tulikuwa tukiingia shambani alfajiri kabla ya shule, majani yana umande, tunayabeba kifuani na kwapani. Ikifika jioni mtoto anatapika, kichwa kinamzunguka, hali chakula. Wakubwa walisema jua, au malaria. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi niliposoma kwamba umande huyeyusha nikotini ya jani na kuipitisha kwenye ngozi, na kwamba ugonjwa huo unajulikana kila nchi inayolima tumbaku. Kisha yanakuja mabani ya kukaushia, ambayo moto wake hauzimwi kwa siku kadhaa, na magogo yanatoka kwenye miombo, kila mwaka mbali kidogo zaidi na kijiji.

Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ambako Waingereza walitaka kulima karanga kwa matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940. Mpango ulikufa kifo maarufu. Tumbaku ikashika nafasi, na imekaa kwa sababu inakuja imefungashwa: mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, mnunuzi anayejulikana, malipo ya mkupuo mmoja yanayotosha kuezeka nyumba. Mdogo wangu aliyebaki pale halimi tumbaku kwa kuipenda. Naye amewekewa viti vyake. Mtu anayemwambia tu "acha" anamfanyia kile nilichofanyiwa mimi kwa miaka ishirini na mabango ya hospitali.

Huko Migori, Kenya, Shirika la Afya Duniani, pamoja na FAO na Mpango wa Chakula Duniani, walikwenda kwa wakulima wa tumbaku na mpango wa maharage wenye vitu vilevile: mbegu, mafunzo, mkopo, na mnunuzi wa uhakika. Nilimsimulia mdogo wangu kwa simu. Akauliza swali moja: "Kaka, na huyo mnunuzi atakuwepo mwaka wa tatu?"

Msimu wa juzi alitoa eka mbili za tumbaku, akapanda alizeti. Bei ya alizeti ikamwangusha. Mwaka huu eka moja ameirudisha kwenye tumbaku, moja ameiacha. Watoto wake hawachumi tena asubuhi ya umande. Wanangoja jua likaushe majani, na nimewapelekea glovu na makoti ya mvua kwa basi. Glovu anasema zinachelewesha kazi. Tunaendelea kubishana kuhusu glovu.